Msichana ako fomu tatu, baba ameshatangulia Uingereza: aende sasa ama amalize KCSE kwanza?

#1 MamaDonholm
Habari za jioni wadau. Naomba mawazo yenu maana hii kitu imetukosesha usingizi hapa nyumbani. Mzee wangu ni nesi, alienda Nottingham mwaka jana kwa viza ya kazi ya afya, sasa amepata nyumba na anataka tumfuate mimi na watoto wawili. Mdogo ako gredi ya tano, huyo ataingia shule ya msingi na mambo yaishe. Shida ni dada yake. Ako fomu tatu, hilo darasa la mwisho kabisa la mfumo wa zamani wa 8-4-4, KCSE yao, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni 2027 na nyuma yao hakuna fomu tatu wengine, ni gredi ya kumi ya mfumo mpya tu. Mwezi wa tatu alifikisha 17. Anataka uinjinia wa umeme, hesabu na fizikia ndio chakula chake, na mwalimu wake wa fizikia amenipigia mara ya pili kuniambia mama huyu usimtoe. Baba yake anasema aje sasa aingie koleji ya huko. Mimi naogopa mtoto akose huku na akose kule. Akifika na miaka 17 bila cheti chochote anaingia wapi? Kama kuna mtu amepitia hii njia na mtoto mkubwa aniambie ukweli wote hata kama ni mchungu.

#2 BodaKing_Umoja
Mpeleke mama, unangoja nini. Kule elimu ni bure, akishaingia anasoma mpaka chuo kikuu serikali inalipa. Huku ni karo kila muhula, halafu akimaliza unaanza vita ya bendi za ufadhili na mkopo wa HELB.

#3 NesiWaLeeds
BodaKing hapo kwa chuo kikuu umempotosha mama. Bure ni mpaka koleji, ile ya kabla ya chuo kikuu. England kijana anatakiwa awe kwa masomo ama mafunzo mpaka afikishe 18, na mtoto aliyeandamana na wazazi wenye viza ya kazi anasoma koleji bila kulipa karo ikiwa ameanza kabla hajapitisha umri. Lakini chuo kikuu ni habari nyingine kabisa. Mwanafunzi wa nyumbani mwaka wa masomo wa 2025/26 analipa juu kabisa pauni 9,535 na anakopeshwa hiyo pesa. Mtoto wa viza kama ya mzee wako anahesabiwa mgeni, na uinjinia kwa mgeni vyuo vingi ni zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka, na mkopo hapewi. Nafanya kazi na akina mama hapa wameipata hiyo habari siku barua ya chuo inafika. Uliza mapema dada yangu.

#4 Mwalimu_Kasarani
Asante NesiWaLeeds kwa kuweka mambo sawa. Mimi nafundisha sekondari na msimamo wangu ni amalize KCSE. Amebakisha mwaka na kidogo. Mtoto akiondoka fomu tatu anaondoka na ripoti fomu tu, na ripoti fomu haina uzito popote duniani. KCSE ni cheti, akiwa na C na kwenda juu kwa hesabu na Kiingereza vyuo vingi vya Uingereza vinaipokea badala ya GCSE, ule mtihani wao wa miaka 16. Na kama mambo ya huko yatakataa, na hiyo cheti anaingia JKUAT ama Technical University hapa mjini. Bila hiyo akirudi ataanzia wapi na mfumo wake umefungwa? Gredi ya kumi hawezi kuingia. Fomu nne haitakuwepo tena.

#5 Wakili_Mtaani
Mwalimu uko sawa kwa cheti ila hamjaangalia kalenda. Msichana anafikisha 18 mwezi wa tatu 2027. KCSE ni mwezi wa kumi na moja 2027. Sheria yao ya uhamiaji, mtoto anayeomba viza ya kumfuata mzazi kwa mara ya kwanza lazima awe chini ya 18 siku maombi yanatumwa. Akishapita hapo hiyo njia imefungwa, itabidi aombe kama mwanafunzi wa kimataifa na kulipa kila kitu ama abaki. Kwa hivyo ukisema amalize kwanza, ujue umesema abaki Kenya peke yake na familia yote iko Nottingham.

#6 MamaDonholm
Wakili umenishtua. Hiyo ya 18 mzee wangu hajanitajia na sidhani anaijua, nampigia sasa hivi akitoka shifti.

#7 Babu_Makongeni
Nawasalimu. Sisi tulifanya A-level hapa hapa Nairobi, fomu faivu na fomu siksi, mtihani wa mwisho wa KACE ulikuwa 1989 ndipo 8-4-4 ikameza kila kitu, na KCSE ya kwanza ilikuwa mwaka huo huo. Kwa hivyo hii si mara ya kwanza darasa la mwisho linaachwa katikati ya mifumo miwili. Mdogo wangu alikuwa hilo la mwisho la A-level, na watu walisema cheti chake kitakufa, lakini hakikufa, alikitumia miaka na miaka. Na huko England bado wanafanya hizo A-level mpaka leo, masomo matatu tu lakini yanachimbwa mpaka chini. Mtoto wa hesabu na fizikia atapenda. Aende.

#8 KaaChonjo254
Babu kumbe ulianza shule wakati wa mkoloni 😂

#9 Babu_Makongeni
Kijana, Kenyatta nilimpungia mkono barabarani nikiwa na sare ya shule ya msingi. Heshimu mvi.

#10 Kijana_Luton
Nimesoma hapa kimya lakini #3 imenigusa, wacha niseme yangu. Mimi nililetwa na mathe nikiwa 16 kutoka Pipeline, Embakasi. Sikuwa na cheti, niliingia koleji nikapewa mtihani wa hesabu na Kiingereza, hesabu nikapita vizuri sana ya Kiingereza wakaniweka kwa GCSE nifanye pamoja na BTEC, kozi ya ufundi, ya uinjinia, miaka miwili. Walimu poa, vifaa viko, kila mtu ana mashine yake ya kufanyia kazi si kama huku tulikuwa tunaangalia picha ya kitabu. Nikamaliza na alama nzuri, chuo kikanipa nafasi. Halafu ikaja barua ya ada, mgeni. Mathe alikuwa analipa kodi ya nyumba na kutuma nyumbani, hiyo pesa haipo hata ukiuza shamba. Wenzangu wote wa darasa wakaenda septemba mimi nikabaki. Nikafanya kazi bohari ya usiku kubeba maboksi, mpaka tukapata makazi ya kudumu ndio nikaanza chuo nikiwa 21 na mkopo kama wengine. Sasa namaliza. Sijutii kuja, lakini hiyo miaka ya katikati hakuna mtu aliniandaa. Nililala kitandani nikidhani mimi ndio nimefeli. Mama Donholm kama utamleta mwambie kabla hajapanda ndege kwamba baada ya koleji huenda akasimama kidogo, na kusimama si kufeli.

#11 MamaDonholm
Kijana wa Luton, Mungu akubariki kwa kuandika hivyo. Nimemsomea binti yangu posti yako yote jikoni. Ameuliza kitu kimoja, hiyo miaka ya katikati hakukuwa na njia ya kusoma huku unafanya kazi?

#12 Kijana_Luton
Nilijaribu uanagenzi, ile unaajiriwa na kampuni na unasoma siku moja kwa wiki. Ufadhili wake unataka uwe umeishi hapa miaka 3. Nilikuwa sijafikisha. Ukifikisha inawezekana, na kwa umeme ni njia nzuri sana unalipwa na hudaiwi ada. Mimi wakati nafikisha makazi ya kudumu yalikuwa karibu nikaona ningoje.

#13 Wakili_Mtaani
Na hapo kwa makazi ya kudumu pia kuna jambo. Kijana alihesabu miaka 5. Serikali yao ilitangaza mwaka 2025 kwamba inataka kuipeleka 10 kwa watu wengi. Kwa hivyo msipige hesabu ya huyu binti kwa kalenda ya Kijana wa Luton, mzee aulize kwa mwajiri wake na kwa wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa huko, si kwa mtu wa kundi la WhatsApp.

#14 Mjerumani_Rongai
Mimi naona mmekwama Uingereza kana kwamba dunia imeisha hapo. Binti anataka umeme, si kuna Ausbildung ya Ujerumani? Ya fundi umeme ni miaka mitatu na nusu, unafanya kazi kwa kampuni na shule ya ufundi, unalipwa kutoka mwezi wa kwanza, karo hakuna. Kenya na Ujerumani walitia saini makubaliano ya uhamiaji wa kazi Berlin septemba 2024. Kinachotakiwa ni cheti cha sekondari na Kijerumani kufika kiwango cha kati, B1 hivi. Goethe-Institut iko pale Maendeleo House mjini, mtu anasoma akiwa Nairobi. Dada yangu mdogo alimaliza KCSE, akasoma lugha, sasa ako mwaka wa pili karibu na Stuttgart na anajilipia nyumba. Akitaka chuo kikuu baadaye kuna Studienkolleg, masomo ya maandalizi ya mwaka mmoja, halafu vyuo vingi vya serikali havitozi ada. Ila jimbo la Baden-Württemberg wanatoza wageni wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

#15 KaaChonjo254
B1 ya Kijerumani unaisema kama unanunua smoki kwa stegi. Mimi niliacha A2, maneno yao moja linajaza ukurasa.

#16 Mjerumani_Rongai
Uliacha kwa sababu ulikuwa unaenda darasani jumamosi umelewa ijumaa. Binti wa A ya hesabu ataiweza.

#17 Mwalimu_Kasarani
Mjerumani umenisaidia bila kujua, hata hiyo Ausbildung inataka cheti cha sekondari. Tunarudi pale pale, KCSE. Wakili nimeiona kalenda yako na naiheshimu, lakini kuna wanafunzi wangu wawili walitolewa fomu tatu wakapelekwa ng'ambo, mmoja alirudi baada ya baba kupoteza kazi na viza ikaenda na hiyo kazi. Alirudi hana chochote mkononi. Ilibidi asajiliwe mtahiniwa wa kibinafsi, bila maabara ya kemia, bila mradi wa kompyuta, akapata alama ambayo si yake. Mtoto mkali sana yule. Viza ya familia inategemea kazi ya mtu mmoja, hilo mnalisahau mkishaona picha za theluji.

#18 NesiWaLeeds
Mwalimu hilo ni kweli, sikatai. Ila mzee wake ni nesi aliyesajiliwa, si sawa na wale walikuja na kazi ya kutunza wazee, hao tangu tarehe 11 machi 2024 hawakuruhusiwa kuleta familia kabisa na wengine kampuni zao zilifungwa leseni. Nesi akiachishwa leo anapata hospitali nyingine.

Mama Donholm, kwa swali lako la kwanza, anaingia wapi na miaka 17. Akifika kabla ya septemba kuna njia tatu. A-level, ya kwenda chuo kikuu, kwa uinjinia lazima hesabu na ikiwezekana fizikia, lakini shule nyingi zenye fomu siksi hupenda kuchukua wa miaka 16 wenye GCSE tayari, hivyo tafuta koleji badala ya shule. BTEC kama ya Kijana wa Luton. Na T Level, zilianza 2020, ni miaka 2 na ndani yake kuna siku zisizopungua 45 za kufanya kazi kiwandani ama ofisini. Koleji watamjaribu hesabu na Kiingereza, asipokuwa na cheti wanachokikubali atafanya GCSE ya hayo mawili sambamba. Abebe ripoti fomu zote tangu fomu wani zenye muhuri, mitihani ya mwisho wa muhula, na barua ya mkuu wa shule inayosema masomo gani na gredi gani. Mwalimu anasema hazina uzito, kwa koleji zina uzito maana ndio kitu pekee wanaangalia.

#19 Mwalimu_Kasarani
Za kuingilia mlangoni sawa. Za kurudi nazo Kenya, hapana. Na hata A-level, akirudi nazo atatakiwa alinganishiwe vyeti na KNEC, baraza la mitihani, kabla ya kozi nyingi hapa.

#20 TxKamau
Niko Dallas, Marekani. Huku ni tofauti kabisa, kwa wale mnasoma uzi huu na mko na grini kadi msichanganye. Mtoto wa grini kadi anaingia hai skuli ya serikali bure hata na miaka 17, wanamwangalia krediti zake za Kenya na kumpangia. Akichelewa kuna GED, cheti mbadala cha sekondari, mitihani minne tu, halafu komyuniti koleji miaka 2 na anahamia chuo kikuu. Mimi nilifanya hiyo. Ukiwa na grini kadi na umeishi jimboni mwaka mmoja ada inashuka sana na msaada wa serikali kuu unaomba. Ila wa viza ya mwanafunzi hai skuli ya serikali anaruhusiwa miezi 12 tu na analipia gharama yote. Na wenye wavulana, akifika 18 anatakiwa awe amesajiliwa Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, ndani ya siku 30, wengi wetu hatukuambiwa.

#21 Shiko_SouthB
Samahani naingilia. Mimi ni single mother, niko na kijana wa 16, nimepata kazi ya unesi huko huko Uingereza. Baba yake yupo, hatumi kitu lakini yupo. Atanisumbua kwa viza ya mtoto?

#22 Wakili_Mtaani
Shiko, wakati mzazi mmoja tu ndiye anaenda, wanataka uonyeshe wewe peke yako ndiye umebeba malezi, ama kuna sababu nzito ya mtoto kwenda. Si kusema tu. Risiti za karo zenye jina lako, barua ya shule kwamba wewe ndiye unaitwa mikutanoni, kliniki, hukumu ya korti ya watoto kama ipo. Barua ya baba ya kukubali inasaidia lakini peke yake haithibitishi malezi, na watu wengi wamekataliwa wakidhani affidavit ya baba imemaliza kazi. Kwa MamaDonholm haina shida kwa sababu wazazi wote wawili watakuwa huko. Usiache kufuatilia na 16 yake, wewe una muda.

#23 Shiko_SouthB
Asante wakili. Risiti ziko, M-Pesa zote za karo ni zangu.

#24 BodaKing_Umoja
Mimi niko na wazo ambalo hamjalisema. Msichana aombewe viza sasa akiwa 17, aende agonge muhuri, akae likizo ya agosti, halafu arudi amalizie fomu nne kwa shangazi yake afanye KCSE 2027. Anakuwa na vyote.

#25 MamaDonholm
BodaKing hiyo hata mimi niliifikiria jana usiku. Dada yangu ako Komarock angekaa naye.

#26 NesiWaLeeds
Inawezekana kwa karatasi lakini angalia hasara. Muda anaokaa Kenya hauhesabiki kwa miaka 3 ya makazi ambayo uanagenzi na chuo vinaangalia. Pili wakati wa kuongeza viza atakuwa ameshapita 18, na hapo wanauliza kama anaishi na wazazi ama ameshaanza maisha yake, na mtoto aliyekaa bara lingine mwaka mzima ni kazi kumwelezea. Tatu, akirudi huku mwanzo wa 2028 atakuwa karibu 19 na septemba 2028 amepita 19, hiyo koleji ya bure ya vijana imempita. Kwa hivyo atakuwa na KCSE nzuri na mahali pa kuipeleka ni chuo kikuu chenye ada ya mgeni, na chenyewe wengi watamwambia afanye kwanza mwaka wa maandalizi kwa sababu KCSE kwao haifiki A-level.

#27 BodaKing_Umoja
Bado naona ni afadhali kuliko kuacha A ya KCSE. Na mwaka mmoja wa chuo cha Kenya si unakubalika huko badala ya huo wa maandalizi?

#28 NesiWaLeeds
Vyuo vingine ndio. Lakini ada inabaki ya mgeni.

#29 Mama_Brampton
Canada hatutajwi? Huku Ontario mtoto wa mwenye kibali cha kazi akiwa bado mdogo anasoma sekondari bila kibali chake cha masomo. Wanampa krediti za alichosoma Kenya, diploma ni krediti 30, wangu alipewa nyingi akabakisha kama mwaka na nusu tu. Chuo kikuu ndio habari nyingine, uliza ada mapema. Nawaambia tu shida hii si ya Uingereza pekee.

#30 Dereva_Buruburu
Watu wanaongea viza na hakuna amesema baridi. Mama nenda Gikomba asubuhi wakifungua beli, makoti mazito yanaisha mapema. Watoto wangu walifika Glasgow januari na sweta za shule.

#31 KaaChonjo254
Toi Market pia ziko ila wanajua unasafiri wanakuongezea bei.

#32 Achieng_Wolverhampton
Nimekuja huku na miaka 17 na naona hakuna ameuliza mtoto mwenyewe anasikiaje. Mimi nilikuwa prifekti Nairobi, najulikana shule nzima, nilipofika nikawa yule msichana wa pembeni ambaye lafudhi yake inachekwa. Masomo hayakunishinda, upweke ndio ulinishinda mwaka wa kwanza. Wenye kuja na miaka 10 wanacheza na wenzao wiki ya pili wameshasahau. Miaka 17 kila mtu ana marafiki wake tangu utotoni. Kilichonisaidia ni kanisa la Wakenya na timu ya netiboli ya koleji. Lakini nikifikiria kubaki Nairobi peke yangu kwa shangazi wakati mama na wadogo zangu wako huku, hapana. Ningewachukia. Mama Donholm muulize, na umwachie nafasi ya kukuambia kitu hutaki kusikia.

#33 MamaDonholm
Achieng nimemuuliza leo baada ya kanisa. Amesema anataka KCSE yake, na anataka tuwe pamoja, na akalia kwa sababu anajua ni vitu viwili. Nikalia pia. Baba yake amepiga simu, hiyo ya umri alikuwa hajui kweli, amenyamaza sana halafu akasema kesho yuko ofu ataenda koleji mbili kwa miguu yake aulize kuhusu septemba.

#34 Mwalimu_Kasarani
Mimi bado nasema KCSE, na nasema kwa upendo. Lakini kama mtaamua aende, mkuu wa shule asiwape hadithi ya baki ya karo kwa barua na ripoti, lipeni kilichobaki mapema mchukue kila kitu kwa mkono. Mkiwa Nottingham hakuna mtu atawatafutia faili kabatini.

#35 NesiWaLeeds
Mzee akifika huko koleji asiulize tu "mna nafasi?" Aulize: binti wa 17 aliyezaliwa machi, akianza kozi ya miaka 2 septemba hii, mwaka wa pili akiwa ameshafikisha 18 bado halipi? Na jibu waandike kwa barua pepe. Halafu aulize kama wana A-level ya hesabu ya ziada, kwa uinjinia vyuo vizuri vinaipenda. Mwambie pia pauni 776 kwa mwaka za afya kwa mtoto hawezi kudaiwa, viza yake ya afya inawaondolea hiyo, lakini kipimo cha TB kwa IOM, shirika la uhamiaji, hapo Nairobi lazima, na chukueni tarehe mapema maana agosti kila mtu anasafiri.

#36 Kijana_Luton
Na nambari yangu nakutumia inbox mama, huyo msichana akitaka kuuliza kitu cha umeme ama cha maisha anipigie, nikiwa darasani nitamrudia jioni.